Mjadala: Sera ziachiwe wataalamu, au wananchi wapewe muda wa kuzijadili?

Ndugu zangu, kuna hoja ninayoisikia kila mara: kutunga sera ni kazi ya wataalamu, mwananchi apige kura kisha arudi nyumbani. Mimi naipinga, na ninawakaribisha mnipinge.

Nianze na Marekani mwaka 1976. Februari, askari mmoja wa kambi ya Fort Dix alifariki kwa mafua ya nguruwe. Wataalamu wakakumbuka mafua ya 1918 yaliyoua mamilioni duniani, na Machi Rais Gerald Ford akatangaza mpango wa kuchanja nchi nzima. Walichanjwa watu zaidi ya milioni 40. Mlipuko wenyewe haukutokea, na Desemba mpango ukasimamishwa baada ya baadhi ya waliochanjwa kupatwa na ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré.

Wataalamu wale hawakuwa wazembe. Waliogopa 1918 isijirudie, na nani asingeogopa? Ila historia waliichukua kama jibu kabla ya kuihoji: hali hii inafanana na ile kwa lipi, inatofautiana kwa lipi? Virusi havikuwa vimeonekana kusambaa nje ya kambi ile. Chanjo ingeweza kutengenezwa na kuwekwa akiba huku hali ikifuatiliwa. Kutengeneza chanjo ni uamuzi mmoja, kuwachoma watu sindano ni mwingine. Wao waliamua yote mawili kwa pamoja.

Maswali ya aina hii huulizwa vizuri na mtu asiye na cheo cha kulinda. Tazameni Ireland. Mwaka 1983 wapiga kura, karibu asilimia 67, waliingiza kwenye katiba kifungu cha kuzuia utoaji mimba. Baadaye suala hilo likawa kaa la moto kwa wanasiasa. Mwaka 2016 likaundwa Baraza la Wananchi: watu 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, mwenyekiti wao jaji. Kwa wikiendi tano waliwasikiliza madaktari, wanasheria, wanawake waliopitia hali hiyo na watetezi wa pande zote mbili, ndipo wakapendekeza kifungu kibadilishwe. Kura ya maoni ya Mei 2018 ikakiondoa kwa asilimia 66.4. Uwe upande wowote wa suala lile, huwezi kusema watu wale walikurupuka.

Najua mtanitajia British Columbia, Kanada, na mna haki. Mwaka 2004 wananchi 160 walijifunza mifumo ya uchaguzi kwa miezi kadhaa wakapendekeza mfumo mpya. Kwenye kura ya maoni ya mwaka 2005 ukapata asilimia 57.7, lakini sharti lilikuwa 60. Ukafa.

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Sitaki mabaraza haya yatunge sheria, kwa kuwa hakuna aliyeyachagua. Nataka serikali ilazimike kujibu kila pendekezo hadharani, ikitoa sababu zake, ndani ya muda uliowekwa.

Je, hilo linatosha, au mnaona kila pendekezo liende moja kwa moja kwenye kura ya maoni?