Mjadala: Wananchi waulizwe tu, au waamue?

Wadau, naleta hoja hii nikiwa na msimamo, na sitajifanya sina. Kila baada ya miaka minne au mitano tunapanga foleni, tunatumbukiza karatasi sandukuni, kisha tunarudi nyumbani kungoja zamu nyingine. Katikati hapo sheria zinatungwa, kodi zinapangwa, mikataba inatiwa saini, na mwenye nchi anayasikia hayo kwenye taarifa ya habari. Nasema mwananchi ashiriki katika kuamua kwenyewe, asiishie kuchagua waamuzi.

Ila naomba tusibishane juu ya idadi ya kura za maoni, kama ziwe nyingi au chache. Mimi nauliza mambo mawili: nani anaandika swali, na jibu likishatoka linakwenda wapi?

Tazameni Aisilandi. Mabenki yake makubwa yalianguka mwaka 2008, watu wakamiminika barabarani wakigonga masufuria. Mwaka 2010 wakakusanywa watu wapatao 950, wengi wao wakiwa wamepatikana kwa bahati nasibu, wakae siku nzima kutaja misingi wanayotaka katiba mpya isimamie. Baadaye wananchi 25 wasio wabunge wakaandika rasimu, na kadiri walivyoandika ndivyo walivyokuwa wakiiweka kwenye intaneti ili watu waikosoe. Tarehe 20 Oktoba 2012, takribani theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali rasimu hiyo iwe msingi wa katiba. Lakini kura ile kisheria ilikuwa ya ushauri tu. Bunge likamaliza muda wake mwaka 2013 bila kuipitisha.

Hilo linaniuma kuliko udikteta wa wazi. Mtu aliyenyimwa nafasi ataidai. Aliyepewa nafasi, akatoa jasho lake, kisha kazi yake ikafungiwa kabatini, huyo humrudishi tena ukumbini.

Sasa Ayalandi. Suala lilikuwa utoaji mimba, uliobanwa na kifungu cha katiba kilichoingizwa mwaka 1983. Kwa mwanasiasa lilikuwa kaa la moto, ukiligusa unaungua na ukiliacha unaungua. Mwaka 2016 likaundwa baraza la wananchi 99, waliopatikana kwa bahati nasibu kwa kuangalia umri, jinsia na sehemu wanazotoka, wakiongozwa na Jaji Mary Laffoy. Wapo waliosema ni ujanja wa serikali wa kuusukuma mzigo mbele. Wananchi wale walikutana mwisho wa juma mara tano kwa suala hilo, wakawasikiliza madaktari, wanasheria na makundi ya pande zote mbili, wakauliza, wakabishana, wakapiga kura. Mapendekezo yao yalipita kwenye kamati ya bunge, kisha yakaenda kwa nchi nzima. Tarehe 25 Mei 2018, asilimia 66.4 walikubali kifungu kiondolewe.

Unaweza kuwa na msimamo mwingine kabisa juu ya mimba na bado ukauona utaratibu. Katiba ya Ayalandi haibadiliki hata neno moja bila kura ya wananchi, na kura hiyo si ushauri. Ndiyo maana wale 99 hawakufanya kazi ya kupendezesha picha.

Na nchi hiyo hiyo ilipowachezea wananchi maneno, ikaumia. Baraza jingine, lililoshughulikia usawa wa kijinsia, lilipendekeza katiba iilazimishe dola kuchukua hatua za kuwasaidia wanaolea na kuuguza watu majumbani. Serikali ikalainisha, ikaandika kwamba dola itajitahidi. Machi 2024 maneno hayo yakapelekwa kwa wapiga kura, na karibu asilimia 74 wakayakataa. Walioyakataa walikuwa na sababu nyingi, na baadhi hawakutaka mabadiliko yoyote, lakini wamo pia waliosema wazi kwamba ahadi ile haikuwa na meno.

Kuhusu kura ya Uingereza ya Juni 2016 sitasema mengi. Watu waliulizwa kubaki Umoja wa Ulaya au kutoka, na hakuna aliyewaambia kutoka kwenda wapi. Swali lililoandikwa kwa haraka ya siasa za ndani ya chama liliwagharimu miaka mitatu na nusu ya mvutano kabla hawajatoka. Wananchi wanalaumiwa kwa jibu, ilhali kosa kubwa lilikuwa kwenye swali.

Karibuni.

*

Mchangiaji: Mkuu, umeokota mifano inayokufaa. Mbona Uswisi umeiruka, nayo ndiyo baba wa mambo haya? Pale sahihi 100,000 zikikusanywa ndani ya miezi 18, pendekezo la kubadilisha katiba linakwenda kwa wapiga kura. Mwaka 1959 wapiga kura hao, zaidi ya asilimia 66 yao, waliwakatalia wanawake haki ya kupiga kura katika ngazi ya taifa. Wanawake wakangoja mpaka 1971! Mwaka 2009 asilimia 57.5 wakapiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Umati ukishika kalamu, mnyonge ajifiche.

Na pesa? Kalifonia mwaka 2020 kampuni za usafiri na usambazaji wa kwenye simu zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kupitisha sheria ya kuwahesabu madereva wao kuwa si waajiriwa. Ikapita. Hiyo ndiyo sauti ya mwananchi?

Tena hao 99 wako nani aliwachagua? Mbunge akiharibu namng'oa. Mtu wa bahati nasibu akiharibu namfuata wapi?

*

Mleta hoja: Ndugu yangu, umenibana mahali panapostahili. Nianze na 1959. Waliopiga kura siku ile walikuwa wanaume peke yao. Ushiriki ulipungua hapo kwa nusu ya taifa, na nusu iliyobaki ikaamua juu ya iliyofungiwa nje.

Kwa minara sina utetezi. Haki za wachache zisiwekwe kwenye karatasi ya kura kabisa, na mahakama iwe na uwezo wa kulizuia swali la namna hiyo kabla halijachapishwa. Hapo nimekubali, na ninaandika upya msimamo wangu.

Pesa ni hoja yako kali kuliko zote. Lakini angalia pesa ile ilichonunua: ilinunua wakusanya sahihi na matangazo, yaani njia ya kulifikisha swali na njia ya kulielezea. Watu 99 ambao jana hawakujulikana, na kesho wanarudi makwao, ni vigumu kuwaandalia mfuko mapema. Wakipewa wao kazi ya kuandika swali na kijitabu cha maelezo kinachomfikia kila mpiga kura, tajiri bado atatangaza, ila hataandika mtihani.

Kuhusu umati, wewe umeleta Uswisi, mimi nakupeleka mbali zaidi. Mwaka 427 kabla ya Kristo mkutano wa raia wa Athens, dola-mji la Ugiriki ya kale, wakiwa na hasira juu ya mji wa Mytilene ulioasi, uliamua wanaume wote wa mji huo wauawe na wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ikatumwa na amri. Watu wakalala, wakaamka na mioyo mizito, wakataka kusikilizana tena. Kura ya pili ilikaribia kulingana, ila huruma ikashinda. Merikebu ya pili ikatoka, wapiga makasia wakila huku wanavuta, ikafika amri ya kwanza ikiwa imeshasomwa na bado haijatekelezwa. Watu walewale, mkutano uleule, tofauti ni usiku mmoja. Kwa hiyo siombi kura ya haraka. Naomba huo usiku, na baraza la bahati nasibu ndilo linalotupatia.

Umeuliza nani aliwachagua. Hakuna, na ndiyo sababu wasitunge sheria peke yao. Waandike, nchi nzima iamue.

Basi nitoe pendekezo langu mlivunje. Baraza likishatoa pendekezo, bunge lipewe siku 90: ama lilipitishe kama lilivyo, ama likatae kwa sababu zilizoandikwa na kutiwa sahihi na kila mbunge aliyekataa. Likikataa, pendekezo liende kwa wapiga kura kwa maneno yaleyale ya baraza, na sababu za wabunge zichapwe ukurasa wa pili. Asiyelitaka aniambie ni kipengele kipi, na yeye angeweka nini mahali pake.