Wanaoendesha masoko ya magendo yaliyofichwa mtandaoni hukamatwaje?

MwanafunziWaSinza:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninasoma sheria hapa Dar es Salaam, na katika somo la ushahidi tumebishana bila kufikia mwafaka. Tunaambiwa kwamba mtandao wa Tor hupitisha mawasiliano katika kompyuta kadhaa, kila moja ikijua hatua iliyotangulia na inayofuata tu, hata haijulikani seva ya soko iko nchi gani. Ikiwa mficho huo ni imara kiasi hicho, polisi waliwafikiaje wenye masoko ya Silk Road na AlphaBay?

FundiMikocheni:
Mdogo wangu, katika kesi hizo mbili wamiliki walijianika wenyewe kabla masoko yao hayajawa makubwa. Ross Ulbricht, aliyeanzisha Silk Road mwaka 2011, aliitangaza kwenye majukwaa ya wazi kwa jina la bandia, kisha baadaye mwaka huohuo akatumia jina lilelile kutafuta mtaalamu wa kompyuta, akaweka barua pepe yenye jina lake halisi. Mpelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani aliyafukua hayo kwa kupekua machapisho ya zamani kwenye Google. Alexandre Cazes wa AlphaBay naye aliacha anwani yake binafsi ya barua pepe ndani ya ujumbe uliotumwa kuwakaribisha wanachama wapya.

Hata hivyo, kumjua mtu hakutoshi kumtia hatiani, na hapo ndipo kazi ngumu ilipokuwa, kwa sababu kompyuta ikishafungwa, usimbaji, yaani kugeuza data kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, hulinda kila kilichomo. Oktoba 2013, katika maktaba moja ya San Francisco, makachero wawili walijifanya wapenzi wanaogombana nyuma ya Ulbricht. Alipogeuka, kompyuta yake ikanyakuliwa ikiwa wazi. Bangkok, Julai 2017, gari la polisi liligonga geti la Cazes, naye akatoka kutazama huku kompyuta yake ikiwa imewashwa ndani.

DadaWaUpanga:
Kaka ameeleza vizuri, ila fedha nazo zisisahaulike. Kila muamala wa bitikoini, sarafu ya kidijitali iliyotumika kulipia katika masoko hayo, hubaki katika daftari la umma, na anayetaka kuzibadilisha kuwa fedha za kawaida kwa kawaida hupitia kampuni inayodai kitambulisho. Ndiyo maana bitikoini zaidi ya 50,000 zilizoibwa Silk Road mwaka 2012 zilikamatwa Novemba 2021 nyumbani kwa mwizi, nyingine zikiwa katika kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya kopo la bisi.

Nijuavyo, pigo lililofikiriwa kwa makini kuliko yote ni la Hansa. Polisi wa Uholanzi walilitwaa soko hilo Juni 2017 wakaliendesha kimyakimya kwa takribani mwezi mmoja, na AlphaBay ilipozimwa, wateja wake walikimbilia mikononi mwao. Mfumo ulibadilishwa ili anwani za wanunuzi zihifadhiwe kabla ya kusimbwa.

MwanafunziWaSinza:
Nashukuru sana, kaka na dada. Je, mahakama zetu zingepokea ushahidi wa aina hiyo?

MzeeWakiliTemeke:
Mwanangu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi mamlaka ya kupekua na kukamata mifumo ya kompyuta, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaruhusu ushahidi wa kielektroniki. Uzito wake, hata hivyo, hupimwa kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi mwenye kuutuma alivyotambuliwa. Ningekuwa upande wa utetezi, ningeanza na nani alishika kompyuta ile tangu ilipokamatwa. Usilione hilo kuwa jambo dogo: maofisa wawili wa serikali ya Marekani waliochunguza Silk Road walihukumiwa kifungo mwaka 2015 kwa makosa yaliyotokana na kujichotea bitikoini wakati wa uchunguzi huo. Kwa hiyo, unapoisoma kesi yoyote ya namna hii, tafuta kwanza kumbukumbu ya makabidhiano ya vielelezo, ndipo uendelee na mengine.