Wameziba mwanya wa msichana wa watu, wakafuta na jina langu kwenye jalada

Wanajukwaa wenzangu, hamjambo. Naufungua uzi huu nikiwa na uchungu mwingi.

Mwezi Machi, meneja wa bendi ya wasichana watatu wa hapa Nairobi alinipa kazi ya kubuni jalada la albamu yao ya kwanza. Tulielewana shilingi 40,000, akanitumia 15,000 kwa M-Pesa, na salio sijaliona hadi leo. Deni hilo nitalidai kivyake, kwani lililonikera zaidi ni walichoifanyia picha.

Tuliwapiga picha juu ya paa la jengo moja Ngara, saa kumi na mbili jioni, wakiwa wamejifunga leso. Saa hiyo niliichagua makusudi, kwa sababu jua la jioni huipa ngozi nyeusi mng'ao ambao taa za studio haziutoi. Msichana wa katikati alicheka, mwanya wake ukaonekana, nami nikajua papo hapo kwamba jalada limepatikana. Faili tunayoitayarisha huwa na pikseli 3,000 kwa 3,000, lakini msikilizaji huliona jalada kwenye simu likiwa dogo kama stempu. Lazima pawe na kitu kimoja cha kulivuta jicho, na kitu chenyewe kilikuwa kicheko kile.

Meneja alipeleka faili niliyoiandaa kwa kioo cha simu kwa mchapishaji River Road bila kuniuliza, akitaka nakala za CD za kuuza kwenye maonyesho. Kioo cha simu huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya kuchapisha hutumia wino wa samawati, waridi, manjano na mweusi, kwa hiyo picha isiyotayarishwa kwa ajili ya wino mara nyingi hutoka imefifia na yenye giza. Nilikuwa na faili nyingine niliyoiandaa kwa kazi hiyo. Badala ya kuiomba, aliniambia kwamba wasichana "wamekuwa weusi mno," akamtafuta mtu mwingine awachubue ngozi wote watatu kwa tarakilishi. Viuno vimepunguzwa. Mkono mmoja umebaki na rangi yake halisi kwa sababu aliyefanya kazi hiyo aliusahau chini ya leso. Na ule mwanya, ambao kwetu watu huusifu na kuuimba, umezibwa kwa jino la kubandika! Mamake msichana huyo alinipigia simu Jumapili, akaniuliza kwa sauti ya chini meno yale ni ya nani. Sikuwa na la kumjibu.

Jina langu, lililokuwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo, nalo limefutwa.

Nilipolalamika, meneja alisema kwamba aliyeagiza kazi ndiye mwenyewe. Kwa upande mmoja yuko sahihi: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine, na mimi, kwa kumwamini, sikuandika mkataba. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 32, humwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata baada ya haki nyingine kuhamishwa. Kuwachubua wasichana kisha kuwaambia watu kwamba hiyo ndiyo sura yao ni upotoshaji, nami sitauita jina jingine.

Nataka jalada la awali lirudishwe mtandaoni, na jina langu lirudi mahali pake. Faili zote ninazo, pamoja na ile ya wino, na niko tayari kuitoa leo bila malipo ya ziada ili nakala za CD zichapishwe upya. Yeyote hapa aliyewahi kupeleka dai la namna hii kwa Bodi ya Hakimiliki, tafadhali anieleze alianzia wapi na alihitaji ushahidi gani.