Mrejesho: ibada ya jioni kwa watoto wa rika tofauti

Niliuliza namna ya kuendesha ibada ya nyumbani bila wadogo kusinzia na wakubwa kuchoka. Asanteni sana wapendwa, ushauri wenu umefanya kazi.

Ibada iwe kabla ya chakula. Tumbo likishajaa, usingizi hushinda. Dakika 15 zinatosha kabisa. Injili ya Marko inafaa kuanzia, sura 16 tu na matukio yanafuatana haraka, ila msisome sura nzima: someni mistari 8 hadi 12, na mkatie pale tukio linapoishia. Anayejua kusoma asome, asiyejua aigize. Mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini (Marko 2:1-12) ni mzuri mno kwa hili, kwa kuwa kila mtoto anapata nafasi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye maswali. "Umejifunza nini?" huleta jibu la kukariri. Ulizeni, "Ungekuwa pale, ungesimama wapi?" Kisha mzazi anyamaze, asikimbilie kujibu mwenyewe.

Kwenye sala, kila mmoja atoe shukrani moja na ombi moja. Na tafadhali, sala isitumike kumsema mtoto aliyekosea mchana. Ataacha kuomba kwa sauti.