Solex moja au Weber mbili kwenye Beetle? Naombeni ushauri kabla sijalipa

Kisukuku
Wakuu, habari za leo. Nina Volkswagen Beetle ya zamani, injini ya cc 1600, na kabureta yake ya Solex, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imechoka. Nikikanyaga mafuta inazubaa, inakohoa, halafu ndiyo inaondoka. Kuna jamaa anauza kabureta mbili za Weber 40 IDF pamoja na manifoldi (mabomba ya kupeleka mchanganyiko kwenye injini) na fito za kuunganishia kabureta zifunguke pamoja, zimetumika ila anasema ziko safi. Kanipa hadi Jumamosi. La sivyo ninunue Solex mpya kama iliyopo, niachane na mengine. Kipi kinalipa?

WeberDamu
Chukua Weber ulale. Solex moja pale katikati inalisha silinda nne kwa bomba refu na jembamba, petroli nyingine inaishia kulowanisha kuta za bomba. IDF moja ina makoo mawili, ukiweka mbili kila silinda inapata koo lake. Hutaitamani Solex tena.

FundiMkavu
Mkuu, mbona umeomba dawa bila kutaja ugonjwa? Distributa (kigawa moto wa plagi) ni ipi, Bosch 009 au ile yenye kikombe cha vakyumu ubavuni? Kabureta iliyopo imeandikwa 30 PICT au 34 PICT-3? Hedi (vifuniko vya silinda) ni za tundu moja la kuingizia mchanganyiko au mbili? Kamshafti (shafti inayofungua valvu) ni ya kiwandani au imebadilishwa? Bila hayo sisi wote tunapiga ramli.

MzeeSolex
Zilitengenezwa Beetle zaidi ya milioni 21, na nyingi mno zilitembea na kabureta moja. Kijana, kabla hujatoa hela, zima injini, toa chujio la hewa, chungulia kooni huku ukivuta waya wa mafuta kwa mkono. Unatakiwa uone petroli ikirushwa papo hapo, mchirizi imara. Ikidondoka matone au isitoke, kiwambo cha pampu ya kabureta kimechanika, na hicho ni kipande kidogo tu. Kisha shika shafti ya kile kibamba cha hewa kinachovutwa na waya wa mafuta uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na hakuna jeti (kitundu cha kupimia petroli) itakayokuponya.

Kisukuku
Asanteni. Distributa haina kikombe. Kabureta naona 30 PICT, namba ya mwisho imefunikwa na uchafu. Kamshafti sijui. Tundu naziangaliaje?

FundiMkavu
Fuata manifoldi hadi inapoingia kwenye hedi. Ukikuta bomba la chuma linaenda moja kwa moja hadi kwenye hedi, ni tundu moja. Ukikuta kipande cha alumini chenye miguu miwili, kimeungwa na bomba kwa mpira na klipu, ni tundu mbili. Halafu soma namba ya injini, imegongwa kwenye kesi (bodi ya injini) chini ya kiti cha jenereta. Tupe herufi ya mwanzo.

Tindo
009 ndiyo mchawi wenu hapo. Inawahisha moto wa plagi kwa vyuma vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka, basi. Ukikanyaga ghafla injini ikiwa chini, moto unabaki nyuma hadi mizunguko ipande. Weka ya vakyumu uone.

WeberDamu
009 imeshinda mashindano ya jangwani, acha kuisingizia.

Tindo
Kwenye mashindano nani anaendesha injini ikiwa chini? Dereva yuko juu muda wote. Sisi tunatoka kwenye taa za barabarani.

MzeeSolex
Tindo yuko sahihi kwa 34 PICT-3, hiyo na 009 hazielewani kabisa. Kwa 30 PICT unaweza kuvumilia ukipandisha jeti kidogo na pampu ikiwa nzima.

BiGia
Mdogo wangu Kisukuku, ngoja nikusimulie kuhusu Weber zilizotumika. Gereji moja ilinifungia 40 IDF mbili, wakaniacha na pampu ya umeme waliyoitoa kwenye gari jingine. Weber hizi zinataka msukumo mdogo, kama psi 3 hivi. Pampu ile ilikuwa inasukuma zaidi ya hapo, sindano ya floti, inayozuia petroli kabureta ikijaa, ikashindwa kufunga. Kila nikizima gari, petroli inateremka kimyakimya kwenye silinda za upande mmoja, inapita kwenye ringi, inaingia kwenye oili. Gari likawa linawaka kwa shida likiwa moto, moshi mweusi, nikirudi gereji wanabadilisha plagi na kunisifia gari. Siku moja nimevuta kijiti cha oili nakuta oili imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji, inanuka kituo cha mafuta. Kufungua injini, beringi za krenki zimelika. Si hivyo tu, fito za kuunganishia nazo zilikuwa za hovyo. Injini hii ikipata moto inatanuka, hedi zinasogea mbali na kesi, kwa hiyo ukisawazisha kabureta ikiwa baridi, ikichemka upande mmoja unafungua kabla ya mwingine. Fito nzuri inalijua hilo, ile yangu haikulijua. Sisemi usinunue. Nasema ukinunua, ongeza kwenye hesabu kipunguza msukumo, kipimo cha hewa cha kusawazishia, na jeti. Kabureta zenyewe ni nusu ya safari.

Pambazuko
Shikamoo BiGia. Na zile Weber 34 ICT, koo moja kila upande? Nasikia ni rahisi kusawazisha.

BiGia
Marahaba. Ni rahisi kweli, na kwa injini isiyochezewa zinatosha. Tena zipo seti zake za hedi za tundu moja.

Kisukuku
Nimesugua. Namba ya injini inaanza na H. Na bomba la chuma linaingia moja kwa moja kwenye hedi.

FundiMkavu
H ni 1500 mkuu, si 1600. Pistoni za milimita 83, tundu moja. Muulize jamaa manifoldi zake ni za hedi gani, maana nyingi za 40 IDF ni za tundu mbili. Hazitafunga kwako.

WeberDamu
Si aweke hedi za tundu mbili na silinda za 85.5? Zinaingia kwenye kesi hiyo bila kuchonga. Hapo ndiyo 1600 halisi. Au aende 87 kabisa, 1641.

Tindo
88 asiguse, kuta zake nyembamba.

MzeeSolex
Mtu kaja na kabureta inayokohoa, mnamtoa na injini mpya. Na yale mabati ya kupoozea juu ya silinda nani atayabadilisha? Ya tundu moja hayakai kwenye hedi za tundu mbili. Ukiyakata kienyeji hewa ya feni inavuja, na silinda ya tatu tayari inapata joto kuliko wenzake. Kijana, nafasi ya valvu umeipima lini? Milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa.

Pambazuko
Wengine wanasema 0.10.

MzeeSolex
Vitabu vya zamani vina 0.10, baadaye kiwanda chenyewe kikaenda 0.15. Valvu iliyobana inaungua.

Tindo
Na wote wenye chujio la petroli la kioo juu ya distributa, litoeni leo. Mpira mmoja ukipasuka, kesi ile ni magnesi, ikishika moto maji hayasaidii.

WeberDamu
Langu liko hapo miaka yote.

Tindo
Sawa. Bima yako ipo?

Kisukuku
Nimeongea na jamaa. Manifoldi ni za tundu mbili kweli, ila anasema ana na hedi zake, atanipa zote kwa pamoja. Naangalia nini nikienda?

FundiMkavu
Nyufa kati ya kiti cha valvu na tundu la plagi. Nyuzi za plagi pia. Nenda na tochi, na umwombe azioshe kwanza.

MzeeSolex
Na kile kiwambo cha pampu umekiangalia?

Kisukuku
Bado mzee.