Nani aliwaambia mpandishe PostgreSQL bila kuangalia PostGIS?

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Siku ya nne hii mafundi wetu wa maji wanachimba kwa kubahatisha kwa sababu ramani ya mabomba haifunguki. Kampuni inayotutunzia seva ilijiamulia usiku kuihamisha PostgreSQL, programu ya kanzidata yetu, kutoka toleo la 11 kwenda la 15. Sikatai kuhama, 11 iliacha kupata marekebisho tangu Novemba 2023. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuliza PostGIS, kiendelezi (programu ya nyongeza) kinachoiwezesha PostgreSQL kushika data za ramani, iko toleo gani. Ilikuwa 2.5!

PostGIS 2.5 inaishia PostgreSQL 12. Na enzi zile faili la maktaba yake lilibeba namba nzima, postgis-2.5, kwa hiyo pg_upgrade, zana ya kuhamishia kanzidata kwenye toleo jipya, ililitafuta upande mpya, ikalikosa, ikagoma kabla ya kugusa data. Hapo ndipo fundi anaposimama na kusoma imeandika nini. Hawa wakaona kifurushi cha 2.5 ndicho kizuizi, wakakiondoa kwenye seva ya zamani. Basi hata kanzidata iliyokuwa ikifanya kazi jioni ile, asubuhi haikuweza kusoma bomba hata moja.

Njia ilikuwepo, na ni ya kupanda ngazi. Unaweka kwanza PostGIS 3.3 juu ya PostgreSQL 11 ileile, kwa kuwa 3.3 inakubali 11 hadi 15. Unaendesha postgis_extensions_upgrade(), amri ya kupandisha viendelezi vya PostGIS, mara mbili. Narudia, MARA MBILI, kwa sababu toleo la 3.0 la mwaka 2019 liliitenga rasta (sehemu ya data za picha za gridi) ikawa kiendelezi chake, na mzunguko wa kwanza unaiacha inaning'inia. Kama huitumii, iondoe. Ndipo uende 15. Ukikimbilia PostGIS 3.4 ukiwa bado kwenye 11, unakwama vilevile, maana hiyo inaanzia 12.

Nilipopiga simu nikaambiwa "ni sasisho la kawaida tu, bosi". Kawaida ipi? Hata toleo dogo linaweza kuuma. Novemba 14, 2024 ilitoka PostgreSQL 17.1 pamoja na matoleo madogo ya PostgreSQL za nyuma. Muundo mmoja wa ndani ukawa umeongezeka ukubwa, TimescaleDB, kiendelezi kingine cha PostgreSQL, iliyojengwa kwa toleo la kabla yake ikawa hatarini, na Novemba 21 ikabidi itoke 17.2 kurudisha ukubwa wa zamani. Hiyo ni wiki moja tu!

Sasa nimewaandikia: hakuna anayegusa seva yetu bila kuniletea kwa maandishi toleo la kanzidata na la kila kiendelezi, la sasa na la baadaye, na matokeo ya pg_upgrade --check, yaani ukaguzi bila kuhamisha chochote, kwenye nakala. Hawajajibu. Mkataba wao unakwisha mwezi huu.

Mwenye kuendesha PostGIS kila siku, kwa kazi na si kwa maneno, anifuate PM.