Mnaolinganisha "kuinua laki mbili, kushusha elfu arobaini", hizo bei mnazitoa wapi?

Wakuu,

Kila wiki unaibuka uzi wa mtu anauliza kuinua na kushusha gari kipi ni nafuu, na kila wiki majibu ni yaleyale. Mmoja anasema "spesa tu mkuu, laki mbili unasahau mashimo" (spesa ni kipande kinachopachikwa kuinua springi). Mwingine anakuja na "kushusha ni grainda dakika kumi". Basi, uzi umeisha. Hakuna aliyetaja alaimenti (kupanga tairi zielekee sawa), hakuna aliyetaja shokapu, hakuna aliyeuliza hata ni gari gani. Miezi sita mbele muulizaji yuleyule anarudi: "gari linagonga mbele", "tairi zinaisha upande mmoja, tatizo nini?" Tatizo ni nyie mliomjibu.

Tuanze na hilo la gari gani. IST, Fielder, Premio, Forester na ndugu zao, mbele springi na shokapu ni kitu kimoja (strati) kilichosimama juu ya nakali, chuma kinachobeba tairi. Ukiweka spesa ya milimita 30 juu ya maunti (kishikio cha juu cha strati), pua inapanda karibu milimita 30 hizohizo. Prado na Hilux Vigo haziko hivyo. Pale mguu wa shokapu umekaa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachounga tairi na bodi), si kwenye tairi, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inakupa karibu milimita 50 kwenye tairi. Sasa fundi aliyezoea IST anachukua spesa ya 50 anaivika Prado, pua inakwenda juu karibu milimita 100, mteja anapiga picha anafurahi. Mikono iko pembe ambayo boljointi (kiungo kinachozunguka mwishoni mwa mkono) haikutengenezwa kuifikia, na mashine ya alaimenti haiwezi kuirudisha maana boliti za kurekebishia zimefika mwisho. Hapo unahitaji mikono mipya ya juu na spesa za kushushia difu (gia za ekseli) ya mbele. Hiyo ndiyo bei ya kuinua Prado kwa kiwango hicho, wala usiifananishe na ya spesa peke yake.

Kwa nini spesa inaonekana rahisi? Kwa sababu kazi yenyewe ni fupi. Nati tatu za juu, boliti mbili za nakali, stabilaiza link (kijiti cha fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kishikio cha mpira wa breki, strati imetoka. Huhitaji hata kibano cha springi, kwa sababu nati ya katikati ya shokapu haiguswi (na asiguse mtu hiyo nati bila kibano, springi ikiruka inaua). Ila angalia yanayorukwa hapo. Stadi (boliti zisizo na kichwa) za maunti ni fupi, zikipita kwenye spesa hazibaki na uzi wa kutosha kushika nati. Spesa nzuri inakuja na boliti zake. Mbaya inaongezewa stadi kwa kuchomelea, na kile kiungo ndicho kinachokatika siku tairi inaangukia shimo. Ukimaliza kukaza, uzi kama mbili tatu uonekane nje ya nati. Usipoonekana, mwambie fundi afungue.

Jambo la pili linalorukwa, na hili linaniudhi kuliko yote: boliti za mikono zinakazwa gari likiwa juu ya jeki. Bushi ya mkono ni raba iliyoungana na chuma cha ndani. Ukiikaza tairi ikiwa inaning'inia, gari likishuka chini ile raba inabaki imesokotwa muda wote, hata gari likiwa limepaki. Miezi michache imechanika. Mteja anaambiwa "bushi feki hizi". Bushi haikuwa feki, ilikazwa vibaya. Legeza, shusha gari likae kwa tairi zake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Dakika kumi na tano za ziada, hakuna anayezitoa.

Halafu gari likiinuliwa, tairi ikining'inia, jointi ya CV (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) inapinda kupita kiwango, mikunjo ya buti, ile raba inayoifunika, inasuguana, inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Unaanza kusikia ka-ka-ka ukikata kona kali. Kwa milimita 25 hadi 30 magari mengi madogo yanavumilia. Kuanzia 40 kwenda juu unanunua jointi, ni suala la lini tu. Kwa nyuma, magari ambayo springi imekaa mbali na shokapu, spesa inawekwa kwenye springi lakini shokapu inabaki urefu uleule. Matokeo yake tuta likipita shokapu inafika mwisho wa kunyooka na kugonga "kop!". Unahitaji shokapu ndefu zaidi au vishikio vya kuirefusha. Na zile raba za kupachika katikati ya mizunguko ya springi sitaki hata kuzijadili: zinaulazimisha mzunguko mmoja ubebe kazi ya miwili, na pale pale ndipo springi inakatika.

Kushusha sasa. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja ugumu unapanda kwa asilimia 20, kwa sababu ugumu unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko. Ukikata mmoja na nusu umepanda kwa theluthi nzima. Shokapu yako ilitengenezwa kutuliza springi ya zamani, hii mpya inaishinda nguvu, gari linaruka kama mpira. Tena limeshuka karibu na bampstopa (raba inayozuia springi isigote mwisho), kwa hiyo kila tuta ni kugota. Aliyekata kwa grainda ana afadhali kidogo. Aliyepasha springi moto kwa gesi mpaka ikalala ameua ule ugumu uliowekwa kiwandani, itaendelea kulala yenyewe wiki baada ya wiki, upande mmoja kuliko mwingine. Na springi iliyokatwa ina ncha isiyokaa kwenye kikombe chake. Piga jeki uone: tairi ikining'inia, springi inacheza kwa mkono. Ikirudi chini vibaya barabarani, hakuna fundi atakayekupokea simu.

Sasa hesabu. Hizi ni namba za mfano, kila mtu aweke bei ya mtaani kwake, angalieni mpangilio tu. Gari dogo, kuinua milimita 30: spesa 120,000, ufundi 80,000. Hapo ndipo mnapoishia nyie. Ongeza alaimenti 40,000 na stabilaiza link mbili 70,000, jumla 310,000. Ukitaka zaidi ya hapo, shokapu mbili za nyuma 180,000, jointi za CV mbili 300,000, umefika 790,000. Kushusha kwa grainda: 40,000. Halafu springi nne za kurudishia 240,000, shokapu nne zilizokufa 360,000, tairi mbili zilizoisha ndani 260,000, alaimenti 40,000. Ni 940,000 na gari limerudi palepale lilipokuwa. Seti ya springi fupi za kununua 400,000, shokapu 360,000, ufundi 120,000, alaimenti 40,000 ni 920,000, na gari liko chini kweli. Kwa hiyo kuinua kidogo ni nafuu kuliko kushusha kidogo, ila kuinua sana hakuna dari. Mtu akiuliza, mjibuni hivyo, au kaeni kimya.

---

#4
Mkuu umesahau pickup. Hilux ya majani nyuma (springi za vyuma bapa vilivyopangana) wanaongeza jani moja au wanaweka bloku kati ya ekseli na majani. Bloku moja kila upande inakubalika, kupanga mbili mbili ni kujitakia, ekseli inajisokota ukikanyaga mafuta. Yu-bolti (boliti za umbo la U zinazofunga ekseli na majani) ziwe mpya na ndefu, zile za zamani zimeshanyooka uzi. Zikazwe tena baada ya kilomita kama 500, maana majani yanalala. Halafu kuna ile vali ya breki inayosoma mzigo, ina fimbo imeshikwa kwenye ekseli. Ukiinua gari, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma. Kishikio chake kiinuliwe kwa kipimo kilekile cha gari. Ukimuuliza fundi wako, atakuambia hajui unaongelea nini.

#5
Mwongezee na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Pembe ikibadilika gari linatetema kwenye mwendo fulani, watu wanakwenda kubalansi tairi mara tatu.

#9
Hiace mbele haina springi ya kuzunguka, ina ile fimbo ya kusokota. Fundi anataka elfu 60 kuinua mbele. Ni sawa?

#10 (mwanzisha uzi)
Anachofanya ni kuzungusha boliti mbili chini ya gari. Lipia muda wake, lakini usiambiwe kuna kifaa kimewekwa. Na ujue: kuikaza hiyo fimbo hakuifanyi iwe ngumu zaidi, kunabadilisha pale inapoanzia tu. Kila unachoinua unakitoa kwenye nafasi ya tairi kushuka, ndiyo maana zilizokazwa sana zinagonga kwenye matuta madogo. Zungusha pande zote mbili idadi sawa, andika idadi hiyo, kisha alaimenti.

#12
Unawalaumu mafundi bure. Mteja ndiye anasema "bei kubwa, niwekee ya laki". Fundi afanyeje?

#13 (mwanzisha uzi)
Amwambie alaimenti haimo kwenye hiyo laki. Sentensi moja. Mteja akikataa, shauri yake. Ila fundi akikaa kimya halafu baada ya miezi sita akauza tairi kwa mteja huyohuyo, huo ni wizi mkuu, tusipindishe.

#16
Nitajuaje alaimenti imeharibika kabla tairi haijaisha?

#17 (mwanzisha uzi)
Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi. Upande mmoja ukiteleza na kurudi unakwaruza kama meno ya msumeno, tairi zako zinaangalia ndani au nje kupita kiasi. Hilo ndilo linalokula tairi haraka kuliko yote, zaidi ya ule mwinamo mnaouona kwa macho. Gari lililoshushwa tairi inalala, juu imeingia ndani, kipara kinaanzia ndani kabisa ambako huoni ukiwa umesimama. Kata usukani mpaka mwisho ndipo uchungulie.

Na kwa yeyote anayekwenda gereji kesho: kabla fundi hajagusa nati, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, tairi zote nne, uandike. Pima tena kazi ikiisha, gari limeshazunguka kilomita chache. Kulia na kushoto zikipishana kwa zaidi ya kama milimita 10 na kabla hazikupishana hivyo, usilipe salio mpaka afungue aangalie springi imekaaje. Taa za mbele pia zirekebishwe siku hiyohiyo. Gari lililoinuliwa pua linawamulika wenzako machoni, na lililoshushwa pua halioni mbali.